Mgonjwa Aulizwe Uji



Kumsaidia mwenye dhiki ni jambo lisilohitaji hoja nyingi. Kila mwenye moyo hulikubali. Lakini liko swali moja linalofuata baada ya msaada, ambalo aghalabu hatulipendi, nalo ni hili: twajuaje kwamba tuliyemsaidia amesaidika?

Tukimpa mtu unga, twaupima kwa kilo. Tukimjengea nyumba, twahesabu mabati. Tukimchimbia kisima, maji yenyewe yatatoa ushahidi. Lakini tunapokwenda kukaa na mjane aliyefiwa ghafla, au kijana aliyekimbia vita, au mama aliyeambiwa na daktari kwamba ana maradhi yasiyopona, tukazungumza naye ili moyo wake upate kutulia, hapo mizani haifai wala futi haifai. Kilichovunjika hakionekani kwa macho, na kinapounga hakionekani vile vile. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maneno hayo twayatumia kila siku, lakini je, tumepata kuyafuata mpaka mwisho wake? Maadamu mwenye kujua ni yule aliyekilalia kitanda, basi hapana budi aulizwe yeye, tena aulizwe kwa namna itakayomwezesha kusema.

Hili ndilo nitakalo tulizungumze, kwa sababu katika zama zetu misaada ya namna hii imekuwa mingi. Wataalamu huiita misaada ya kisaikolojia na kijamii, yaani ile inayogusa nafsi ya mtu pamoja na mahusiano yake na watu. Kuna vikundi vya wajane, vikao vya yatima, mazungumzo ya wagonjwa, ushauri kwa wakimbizi. Fedha hutumika, muda hutumika, na nia njema hutumika. Kisha mwisho wa mwaka huandikwa taarifa kwamba watu kadhaa wamefikiwa na vikao kadhaa vimefanyika. Sasa tujiulize: kufikiwa ndiko kusaidika?

Kamati na karatasi

Katika mtaa ninaokaa, mji wa pwani, iko kamati ndogo ya wazee na akina mama inayowatembelea waliofiwa, nami ni mmoja wao. Kila mtu wa kwetu ajua matanga yanavyokwenda. Siku tatu nyumba hujaa watu hata mfiwa hana pa kulilia peke yake. Siku ya nne mikeka hukunjwa, masufuria hurudishwa kwa wenyewe, na nyumba huwa kimya. Mjane hubaki na eda yake, miezi minne na siku kumi, na kuta nne. Kamati iliona kwamba upweke huanza hapo, basi ikapanga akina mama wawili wawili wawe wanakwenda kila juma kukaa na mjane, na kila mwezi apelekewe kikapu cha chakula.

Baada ya muda mfadhili mmoja alitaka ushahidi kwamba kazi hii ina faida. Katibu akatengeneza karatasi yenye swali moja, "Je, umeridhika na huduma ya kamati?" na chini yake visanduku vitatu vya kutia alama. Karatasi zilipelekwa pamoja na vikapu, na zote zilirudi na alama ya "Nimeridhika sana".

Wengi walifurahi. Lakini mweka hazina, mtu mwema na mwangalifu wa fedha, alitoa hoja iliyotuweka njia panda. Alisema kwamba maadamu wote wameridhika, na maneno hayajazi tumbo, basi matembezi yaachwe, na nauli za akina mama ziongezwe katika mchele. Mmoja wetu aliposema kwamba kwanza wajane wenyewe waulizwe, si kwa karatasi bali kwa mazungumzo ya kituo, mweka hazina alijibu kwa methali tunayoijua sote: mgonjwa haulizwi uji. Wazee wakacheka, na ilikaribia kuamuliwa papo hapo.

Msomaji mpenzi, methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Inatufundisha tusimfanye mwenye haja aombe. Ukimwona mgonjwa dhaifu kitandani, usisimame mlangoni ukimwuliza kama anataka uji, upike, umpelekee. Hiyo ndiyo adabu ya kutoa. Lakini methali haikusema kwamba akisha kuunywa asiulizwe ulimkaaje. Labda ulikuwa wa moto mno. Labda ana vidonda kinywani. Labda aliumwaga nyuma ya kitanda ulipogeuka, kwa kuwa hakutaka kukuvunja moyo. Bakuli tupu si ushahidi kwamba tumbo limejaa.

Tena, ni nani atakayetia alama ya "Sikuridhika" katika karatasi iliyoletwa na mkono ule ule ulioleta mchele? Huo ni mtihani ambao hata mimi na wewe tungeshindwa. Alama ile haikuwa uongo. Ilikuwa adabu, na adabu ni kitu kizuri, lakini si kipimo.

Neno "ila"

Ilikubaliwa hatimaye kwamba mkunga mmoja mstaafu, asiyekuwa mwanakamati na asiyegawa chochote, aende kuzungumza na wajane waliokubali. Wengi wao walikwisha kujifungua mikononi mwake. Hakuchukua karatasi ya visanduku. Alichukua daftari, na swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, hebu nieleze, tangu siku mikeka ilipokunjwa, siku zako zimekwendaje?" Kisha akanyamaza.

Hapa yafaa tuikumbuke lugha yetu wenyewe. Mswahili ukimwuliza habari, atakujibu kwamba ni njema. Atakujibu hivyo hata akiwa ametoka kuzika. Habari za nyumbani? Njema. Za watoto? Wazima. Za tangu juzi? Salama. Ukiondoka hapo, utakwenda kuandika kwamba hali yake ni salama, nawe utakuwa hukusema uongo, ila hukujua lolote. Lakini ukikaa, ukakubali kunywa maji uliyopewa, ukamsaidia kuchagua mchele, baada ya kitambo atasema: "Salama, bibi, ila..." Habari yenyewe huanza katika neno hilo. Yote yaliyotangulia yalikuwa maamkizi.

Mkunga yule aliwangoja wajane mpaka wafike kwenye "ila". Aliporudi alitusomea aliyoyaandika, bila majina na kwa idhini yao; nami hapa nimeyapunguza na kuyabadilisha kidogo ili asijulikane mtu.

Wa kwanza alisema hivi: "Wale mama hawakunifundisha kitu nisichokijua. Lakini kila Jumanne walikuwa wakivua viatu vyao mlangoni, na shemeji zangu walikuwa wakiviona viatu. Wakajua kwamba nina watu. Tangu hapo hawakuniuliza tena nitaihama nyumba lini."

Wa pili alisema: "Kikapu chenu kinakuja mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama. Wenzake shuleni wanamwita mwanangu mtoto wa kikapu. Mchele naula, ila sishibi."

Wa tatu alisema kwamba matembezi yale humrudisha siku ya msiba. Wageni wakiondoka hulia usiku kucha, na alfajiri hawezi kuamka kukaanga maandazi anayowauzia wapita njia, nayo ndiyo riziki yake. Aliomba asitembelewe tena, ila akikutana nao njiani wamwamkie kama zamani.

Watatu hawa wote, ndugu msomaji, walikuwa wametia alama ya "Nimeridhika sana".

Sasa tazama lile lililokuwa karibu kufanyika. Matembezi yalikuwa yaachwe, ilhali kwa mmoja ndiyo yaliyoilinda nyumba anayolala na wanawe. Kikapu kilikuwa kiongezwe, ilhali kwa mwingine ndicho kilichomwaibisha mtoto. Baada ya kusikia hayo, matembezi yalibaki, chakula kikawa kinachukuliwa dukani kimya kimya kama mtu anunuaye chake, na yule wa tatu akaachwa apumzike. Mweka hazina mwenyewe ndiye aliyekwenda kupatana na mwenye duka.

Kushika tama

Usidhani kwamba hili ni jambo la mitaani tu. Wataalamu wa afya ya akili walijikuta mbele ya swali hilo hilo, katika nchi jirani zetu.

Mwaka 1994 Rwanda ilipatwa na mauaji ya kimbari. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa mamia ya maelfu ya watu. Nani angekosa kujua kwamba waliosalia wana majeraha ya nafsi? Lakini majeraha gani, na yaitwaje? Njia nyepesi ilikuwa kuchukua orodha ya dalili iliyotungwa Ulaya au Marekani, kuifasiri, na kuwatilia watu alama. Mwaka 1999 mtafiti Paul Bolton alishika njia nyingine. Wanakijiji waliulizwa swali la wazi: ni matatizo gani yaliyowapata watu kwa sababu ya mauaji yale? Kila mtu akataja ya kwake kwa Kinyarwanda, na maneno yakaandikwa kama yalivyotamkwa. Kisha yakachaguliwa yaliyohusu akili na moyo, wakatafutwa wenyeji wenye ujuzi wa mambo hayo, wakaombwa waeleze kwa urefu.

Katika maelezo hayo yalijitokeza majina mawili. La kwanza ni agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi. La pili ni guhahamuka, fadhaa ya mtu aliyeingiwa na hofu kuu. Ndani ya ile huzuni iliyopita kiasi zilikuwamo dalili zinazofahamika katika vitabu vya madaktari, lakini zilikuwamo na nyingine ambazo havizitaji: kutowaamini watu tena, na kukaa umelaza shavu katika kiganja.

Kushika tama! Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili halihitaji mfasiri. Wazee wetu humkemea mtoto asishike tama, kwani ni mkao wa mwenye msiba. Lakini hakuna karatasi iliyotungwa mbali ambayo ingeliuliza, na lisiloulizwa haliandikwi, na lisiloandikwa huhesabiwa kwamba halipo.

Hali kadhalika Uganda. Wilaya za Rakai na Masaka, upande wa kusini karibu na mpaka wa Tanzania, ziliumizwa vikali na UKIMWI. Huko Rakai, kando ya Ziwa Viktoria, ndiko ugonjwa ulikotambuliwa kwanza nchini humo mwaka 1982. Watafiti walipouliza kwa njia ile ile ya maswali ya wazi, wenyeji walitaja kwa Kiganda hali mbili: yo'kwekyawa, ambayo ni mtu kujichukia nafsi yake, na okwekubazida, ambayo ni kujisikitikia. Wakauliza tena: mwanamume mzima hapa hutarajiwa kufanya nini, na mwanamke je? Watu wakataja kilimo, usafi, kutunza nyumba, na kushiriki mambo ya jumuiya kama vile mikutano na mazishi. Ona hekima iliyomo. Kupona hakukupimwa kwa kucheka tu. Kulipimwa pia kwa mtu kurudi katika nafasi yake kati ya wenzake.

Kutokana na maneno hayo ndipo msaada wenyewe ulipotengenezwa: vikundi vya wanaume peke yao na vya wanawake peke yao, vikikutana mara moja kwa juma kwa dakika 90, muda wa majuma 16. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa majuma mawili. Watu walizungumza juu ya mambo matatu, yaani kufiwa, ugomvi na walio karibu, na mabadiliko makubwa ya maisha. Hata namna ya kuzungumza ilirekebishwa. Katika mafundisho ya asili, mfiwa huulizwa mema na mabaya ya marehemu. Wenyeji walisema kwamba kumsema maiti vibaya si adabu, basi swali likapinduliwa, akawa anaulizwa kama yalikuwapo katika maisha yao mambo yaliyomsikitisha. Swali ni lile lile, lakini limevaa nguo za kwao.

Hesabu ina haki yake

Hapa nisifahamike vibaya. Simlaumu mwenye kuhesabu. Hesabu ina haki yake, na anayeidharau hujidanganya.

Msaada ule wa Uganda ulijaribiwa mwaka 2002 katika vijiji 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Vijiji vingine vilipata vikundi, vingine havikupata. Mwanzoni, katika waliopata vikundi, asilimia 86 walikuwa na ugonjwa wa huzuni kwa kipimo cha madaktari. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Kwa wale wasiopata, walianza na asilimia 94, wakamaliza na asilimia 54.7.

Zitazame hizo hesabu mara mbili. Tofauti ni kubwa, nayo yatoa ushahidi kwa msaada ule. Lakini hata wasiosaidiwa walipungua, kwani sehemu ya nafuu huletwa na wakati. Asiyehesabu, akiwaona wake wamepona, atajinasibishia nafuu yote. Hesabu humtoa mtu katika majivuno hayo.

Hata hivyo, asilimia 6.5 haisemi ni nini kilichobadilika ndani ya nyumba. Kwa hiyo, baadaye, huduma ilipoendelea baada ya majaribio, watafiti walirudi kuwauliza waliokuwamo katika vikundi, na jamaa zao, na viongozi wa vikundi: ni mabadiliko gani mema mliyoyaona, na ni mabaya gani? Majibu yao yalichapishwa mwaka 2016. Watu walisema kwamba watoto walikuwa wakienda shule zaidi. Kwamba kazi zilifanyika. Kwamba usafi ulizidi vijijini. Kwamba ugomvi ulipungua katika nyumba, na watu wakashikamana. Je, hayo yalikuwamo katika orodha ya dalili za huzuni? La hasha. Ni nani angedhani kwamba mama akitulizwa moyo, mwanawe atarudi darasani? Alijua mama mwenyewe, na jirani yake, na hawakuhitaji ila kuulizwa.

Na wakati mwingine aulizwaye hutoa jambo linalouokoa mpango mzima. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, pamoja na akina bibi 14. Wagonjwa wangekuja kuketi na bibi juu ya benchi nje ya kliniki na kumweleza yanayowasumbua. Daktari aliliita benchi la afya ya akili. Akina bibi walimwambia wazi kwamba kwa jina hilo hapana atakayekuja kuketi. Likaitwa benchi la urafiki, na kwa Kishona chigaro chekupanamazano, kiti cha kupeana mashauri. Ugonjwa nao waliuita kwa jina ambalo watu wenyewe hulitumia, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi je, hatusemi kwamba fulani ana mawazo? Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa watu 573 wa Harare, nao ulionyesha kwamba waliokaa na washauri wa benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hesabu ilithibitisha, lakini mlango ulifunguliwa na neno la bibi.

Adabu za kuuliza

Labda utasema, "Mimi si mtafiti, haya yanihusu nini?" Yanakuhusu, kwani huenda kesho ukawa katika kamati ya mtaa, au ukawa mwalimu, au mwuguzi, au mkubwa wa nyumba yenye mfiwa. Kuuliza ni kazi yenye adabu zake, nami nitazitaja chache.

Kwanza, anayegawa asiwe ndiye anayeuliza. Mkono unaotoa hufunga kinywa cha anayepokea, hata ukiwa mkono mwema.

Pili, swali liwe wazi. Ukimwuliza mtu, "Vikao vilikusaidia, sivyo?" umekwisha kumjibia. Mwambie, "Hebu nieleze," kisha uvumilie kimya chake. Na ukiuliza mema, uliza na mabaya kwa uso ule ule.

Tatu, andika maneno ya mtu kama alivyoyasema. Akisema "waliona viatu", usiandike "alipata heshima katika jamii". Viatu ni vyake, na maneno yale mengine ni yako. Yasomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe waliyoyafahamu, kwani jicho moja huona linachopenda.

Nne, watafute walioacha kuja. Waliobaki katika kikao ni rahisi kuwapata, na aghalabu watasifu. Aliyeondoka baada ya siku ya pili ana habari ambayo hao hawana. Usiache kuuliza mpaka uone kwamba kila mpya anayesema anarudia yaliyokwisha kusemwa.

Tano, wala si la mwisho kwa uzito, maneno ya mtu ni amana. Wengi hudhani kwamba kuficha jina kwatosha. Hakutoshi. Ukiandika "mjane wa fundi cherehani wa karibu na kisima, mwenye pacha", umemtaja mchana kweupe. Tena mwulizwaji ana haki ya kukataa, na akikataa asipunguziwe chochote. Na usimfungue mtu jeraha kisha ukafunga daftari na kwenda zako. Ukiona maneno yamemzidi, liache swali, ukae naye, na umpeleke kwa mwenye kuweza kumtibu.

Neno la mwisho

Ndugu yangu, dada yangu, liko jambo gumu chini ya haya yote, nalo ni nafsi zetu. Tunapomsaidia mtu, twapenda tusikie kwamba amesaidika. Si dhambi kupenda hivyo, lakini upendo huo huziba masikio. Hutufanya tuulize maswali yanayojibika kwa "ndiyo", na tuondoke mapema kabla ya "ila" kutamkwa. Hapo msaada hugeuka polepole ukawa wetu, si wa yule tuliyemwendea. Twamtumia yeye kuzipa nafsi zetu raha.

Mwenye dhiki hana nguvu ya kutukatalia. Njaa imemfunga, huzuni imemfunga, na adabu imemfunga. Kwa hiyo ni juu yetu sisi wenye nguvu kumfungulia nafasi ya kusema, na kuwa tayari kwamba atakalosema huenda lisitupendeze. Akisema kikapu chetu chamwaibisha, tukibadilishe. Akisema tumwache apumzike, tumwache. Akisema lililomfaa lilikuwa dogo kuliko tulilojivunia, tulishukuru hilo dogo na tulizidishe.

Bila shaka katika mtaa wako yuko mtu ambaye mikeka yake imekunjwa karibuni. Pika uji umpelekee bila kumwuliza. Lakini akisha kunywa, usichukue bakuli ukaondoka. Kaa kidogo, umwulize ulimkaaje, na umngoje ajibu.